Andika Kwanza, Ndipo Uage

Huenda uko dukani unasubiri wateja wa jioni, huenda uko kwenye daladala unarudi nyumbani, huenda uko jikoni na redio iko dirishani. Popote ulipo, naomba tukae pamoja kidogo tuzungumze jambo linalowagusa watu wengi ingawa wachache hulitamka. Ni habari ya mtu aliyefanya biashara kwa miaka, biashara inamlisha na kumsomeshea watoto, lakini moyoni ana hadithi anayotaka kuiandika. Sisemi kitabu cha mbinu za kupata utajiri. Nasema riwaya, yenye watu aliowabuni mwenyewe na mambo yanayowapata watu hao, hadithi ambayo asipoiandika yeye hakuna mwingine atakayeiandika. Kila usiku akishafunga hesabu, swali linamrudia: je, niache biashara?

Akiwauliza wazee, jibu analijua kabla hajauliza. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wako umechakaa, lakini ndio unaoulalia. Huo mzuri unaopita mbele yako ni wa mwenyewe. Akiwauliza vijana, ataambiwa maisha ni mafupi, fuata ndoto yako, ruka, Mungu atakudaka. Nimeyafikiria majibu haya mawili kwa muda mrefu, na leo nataka kusema kwamba yana kasoro moja inayofanana. Yote mawili yanazungumzia kuacha, na hakuna hata moja linalozungumzia kuandika. Mtu huyu anahitaji kujibiwa habari ya kuandika kwanza.

Kuna kisa ambacho wapenzi wa fasihi nchini Marekani wamesimuliana kwa zaidi ya miaka 100. Ni kisa cha Sherwood Anderson. Alizaliwa mwaka 1876 katika jimbo la Ohio, katika familia ya kimaskini. Baba yake alikuwa fundi wa hatamu na matandiko ya farasi, ufundi uliokuwa ukimezwa na viwanda. Sherwood akiwa kijana alifanya kila kibarua alichokiona, hata watu wa mji wa Clyde alikokulia wakampa jina la utani kwa sababu ya vibarua vyake. Baadaye aliingia katika kazi ya kutunga matangazo ya biashara mjini Chicago. Mwaka 1904 akamwoa Cornelia Lane, binti wa mfanyabiashara. Mwaka 1907 akahamia mji mdogo wa Elyria akaanzisha kampuni yake mwenyewe. Alichokuwa akiuza ni rangi ya kupaka mapaa, iliyoitwa Roof-Fix.

Kwa macho ya majirani, huyo alikuwa mtu aliyefanikiwa. Ana kampuni, ana mke msomi, ana watoto watatu, anaheshimiwa mjini. Wasichokiona ni kwamba usiku alikuwa akipanda kwenye chumba cha juu nyumbani kwake na kuandika riwaya. Mchana anaandika barua za kuwashawishi wateja wanunue rangi, usiku anaandika habari za watu wanaojiuliza kama maisha yao yana maana.

Tarehe 28 Novemba 1912 Anderson alikwenda ofisini kama kawaida. Akatazama barua zake, akamwambia karani wake maneno ambayo karani hakuyaelewa, akatoka nje, akaenda zake kwa miguu. Hakurudi nyumbani. Siku ya nne alionekana mjini Cleveland, kiasi cha kilomita 40 kutoka Elyria, ndani ya duka la dawa, amechafuka na hajielewi. Akapelekwa hospitali.

Sasa sikiliza kisa hiki kilivyokuja kusimuliwa. Miaka ilipopita na Anderson akapata jina, yeye mwenyewe alianza kueleza kwamba siku ile alijua alichokuwa akifanya. Kwamba alichoshwa na kununua na kuuza, akaamua kuwa mwandishi, akajifanya amechanganyikiwa ili watu wamwache aende. Vijana waliotaka kuandika wakakishika kisa hicho. Anderson akawa shujaa aliyesimama katikati ya barua za biashara, akaugeuzia mgongo ulimwengu wa fedha, akatembea hadi kwenye sanaa.

Ukweli ulikuwa mwingine, na ukweli ndio unaotufaa. Siku ile Anderson alikuwa mgonjwa. Kampuni ilikuwa katika hali mbaya, madeni yalimbana, alikuwa akifanya kazi mbili kwa mwili mmoja, na akili ikachoka kabisa. Alipotoka hospitali alirudi Elyria kumaliza mambo ya kampuni. Mwanzoni mwa mwaka 1913 akaenda Chicago. Huko hakuketi tu kuandika riwaya. Alirudi kwenye kazi ile ile ya zamani ya kutunga matangazo ya biashara, akaifanya kwa takriban miaka 10 zaidi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1916, naye anakaribia miaka 40, na mswada wake alikuwa amekwisha kuuanza Elyria, katika chumba kile cha juu. Kitabu kilichomjengea jina, Winesburg, Ohio, kilitoka mwaka 1919, nacho alikiandika baada ya saa za kazi, katika chumba cha kupanga. Matangazo aliyaacha moja kwa moja karibu mwaka 1922. Hata baada ya hapo, mwaka 1927, alinunua magazeti mawili ya mji mdogo wa Marion katika jimbo la Virginia, akawa mfanyabiashara tena.

Msikilizaji, tazama vizuri hesabu hiyo. Kutoka siku ile ya Novemba hadi siku alipoweza kuishi bila mshahara wa matangazo ni miaka 10. Kisa kinachosimuliwa ni cha asubuhi moja, lakini kilichomfanya Anderson kuwa mwandishi ni usiku mwingi wa kuandika, kabla ya asubuhi ile na baada yake. Nasikitika kila ninapomsikia kijana akisimuliwa sehemu ya asubuhi tu, kwa sababu anafundishwa kwamba kuondoka ndiko kunakomfanya mtu awe mwandishi. Tena anafundishwa kuona ugonjwa kuwa ni ushujaa. Mtu aliyezidiwa na madeni na usingizi hana la kuigwa katika kuzidiwa kwake. Anahitaji daktari, anahitaji ndugu wa kumshika mkono, anahitaji kupumzika.

Na kuna upande ambao visa vya mashujaa huupita haraka. Cornelia na watoto watatu walikuwa wapi? Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1916, na Cornelia akafanya kazi ya ualimu kuwalea watoto. Ndoto ya mtu mmoja ililipiwa na watu wanne. Simhukumu Anderson, marehemu huyo. Ninachosema ni kwamba gharama hiyo ilikuwepo, na yeyote anayepiga hesabu ya kuacha biashara bila kuiweka hajapiga hesabu.

Sasa twende Japani, kwa mtu mwingine. Haruki Murakami hakuanza kama mwandishi. Mwaka 1974, yeye na mkewe Yoko, wangali vijana sana, walikopa fedha wakafungua baa mjini Tokyo, mahali pa kusikilizia muziki wa jazi. Waliiita Peter Cat. Kazi ilikuwa ngumu: kukata vitunguu, kuosha glasi, kubadilisha santuri, kupiga hesabu usiku wa manane, kulipa deni la watu. Mwaka 1978, akiwa uwanjani anatazama mchezo wa besiboli, lilimjia wazo kwamba anaweza kuandika riwaya. Hakufunga baa kesho yake. Aliendelea kuuza hadi usiku, na baada ya kufunga alikaa kwenye meza ya jikoni akaandika. Riwaya hiyo ya kwanza ilishinda tuzo ya waandishi wapya mwaka 1979. Hata hapo hakuacha. Aliandika ya pili kwa njia ile ile, mezani jikoni, ikatoka mwaka 1980.

Ndipo mwaka 1981, akiwa na riwaya mbili mkononi, alipoiuza baa. Marafiki walimshangaa, maana biashara ilikuwa inakwenda vizuri. Walimshauri aweke msimamizi. Lakini yeye alijijua kwamba hawezi kufanya jambo nusunusu, na alikwisha kuona kwamba riwaya anazotaka kuandika sasa ni ndefu kuliko zile zinazoweza kuandikwa saa nane za usiku. Alikubaliana na mkewe wajipe miaka miwili ya kujaribu. Ikishindikana, watafungua baa nyingine ndogo mahali pengine. Mwaka uliofuata, 1982, riwaya yake ya tatu ilitoka, na mwaka 1987 akatoa Norwegian Wood, iliyouzwa kwa mamilioni nchini Japani.

Naomba ulinganishe watu hawa wawili kwa makini. Wote waliandika kwanza, biashara ikiwa bado inaendelea. Tofauti yao ni namna ya kuaga. Mmoja aliondoka akiwa mgonjwa, na mkewe hakushirikishwa. Mwingine aliondoka baada ya mazungumzo na mkewe, akiwa na kazi mbili zilizokwisha kupimwa na watu wasiomjua, na akiwa na muda maalumu wa kujaribu. Huyu wa pili alitumia akili ya biashara katika kuiacha biashara.

Labda utasema hayo ni ya Marekani na Japani. Kwetu je? Kwetu, msikilizaji, historia inasema jambo hilo hilo kwa sauti kubwa zaidi. Shaaban Robert aliajiriwa serikalini kama karani wa forodha mwaka 1926, na sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani katika idara moja au nyingine. Mashairi, insha na hadithi zake, Kusadikika ikiwemo, ni kazi za mtu aliyekwenda ofisini asubuhi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyetupa mpelelezi Bwana Msa, alianza kazi katika idara ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti hadi alipostaafu. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1960, naye bado yuko kazini. Euphrase Kezilahabi alikuwa mwalimu. Abdallah Safari, aliyeandika Joka la Mdimu, ni mwanasheria. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, hadi alipostaafu mwaka 2017, na riwaya zake nyingi aliziandika akiwa mwalimu.

Kwa nini hawakuacha kazi? Jibu liko kwenye hesabu, na wewe mfanyabiashara utaielewa upesi kuliko mtu yeyote. Mwandishi akitoa kitabu kwa mchapishaji, analipwa mrabaha, ambao kwa kawaida huanzia asilimia 10 ya bei. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000. Fungu la mwandishi ni shilingi 1,000 kwa nakala. Zikiuzwa nakala 1,000 kwa mwaka, mwandishi amepata shilingi milioni moja, na mara nyingi fedha hizo huja mara moja tu kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12 uone kama inatosha hata kodi ya fremu moja Kariakoo. Kitabu kikiteuliwa kusomwa shuleni, hapo nakala huongezeka sana, lakini uteuzi huo hauko mikononi mwa mwandishi. Tena kitabu kikishapendwa, mashine za kurudufu mitaani hukigawa kwa wanafunzi bila mwandishi kupata senti.

Sikuelezi haya ili kukukatisha tamaa. Wewe hujawahi kuingia kwenye biashara bila kuuliza bei ya kununulia na bei ya kuuzia, na sioni sababu ya kuingia kwenye uandishi umefumba macho. Mtu anayejua kwamba riwaya ya kwanza haitamlipia ada za watoto ataiandika kwa utulivu, kwa sababu hajaibebesha riwaya mzigo usio wake.

Kuna njia mpya pia, na si vyema kuzidharau. Siku hizi watunzi wengi wa Tanzania wanauza simulizi kwenye simu. Mtunzi anatoa sehemu za mwanzo bure kwenye Facebook, msomaji akinogewa anatuma fedha kwa simu, anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, anaendelea kusoma. Kabla ya hapo tulikuwa na hadithi za mfululizo magazetini, zilizowafanya watu wasubiri toleo la wiki ijayo kwa hamu. Eric Shigongo alijulikana nchi nzima kwa hadithi za namna hiyo katika magazeti ya kampuni yake mwenyewe, akiunganisha biashara na utunzi. Kwenye simulizi za simu, makosa ya lugha ni mengi na uhariri ni mdogo, hilo ni kweli. Lakini mtunzi anayeuza simulizi kwa simu anajua kitu ambacho wengi wetu hatukijui: anajua msomaji wake ameachia wapi na kwa nini. Mfanyabiashara anayemsikiliza mteja kila siku ataiweza njia hii kuliko wengi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nichague mada hii. Tumeona fasihi yetu imeandikwa na makarani, walimu, wahariri, wanasheria. Nawashukuru wote, wametulea. Kwa kazi zao tumeingia darasani, tumeingia ofisini, tumeingia shambani kwa mwinyi, na kwa mkono wa Adam Shafi katika Kuli tumeingia bandarini pamoja na wapagazi. Lakini mfanyabiashara, mara nyingi, amekuja katika hadithi zetu kama mnyonyaji au tajiri mwenye tumbo kubwa. Tumemwona kutoka upande wa wateja. Ni nadra kumwona kutoka ndani ya duka.

Nani ametuandikia riwaya kubwa ya mali kauli, ya mtu anayepewa mzigo wa mamilioni kwa neno tu, na usiku hapati usingizi kwa sababu neno lile ndilo heshima yake yote? Nani ametuandikia mama wa vikoba anayesikiliza mlango siku ya marejesho? Mkopo wa kausha damu unavyoingia katika nyumba, kwanza kwa siri ya mmoja, halafu kwa aibu ya wote? Kijana winga wa Kariakoo anayeuza mali isiyo yake kwa wateja wasio wake, na jioni anarudi na kipato cha maneno yake? Kilemba cha fremu, kontena lililokwama bandarini, ndugu wawili waliotenganishwa na daftari la madeni? Mambo haya yanatokea kila siku katika masoko ya Kariakoo, Gikomba, Darajani, Kikuubo. Yana mapenzi ndani yake, yana usaliti, yana imani na dini, yana ukabila, yana kicheko. Ni riwaya tupu. Na anayeyajua kwa undani ni wewe uliyekaa nyuma ya kaunta, ambaye unafikiri ili uwe mwandishi lazima kwanza uyasahau.

Usiyasahau. Nikupe mfano wa mwisho, wa Italia. Jina lake halisi ni Ettore Schmitz, lakini vitabu alivitia jina la Italo Svevo. Alizaliwa mwaka 1861 katika mji wa bandari wa Trieste. Alifanya kazi benki kwa miaka karibu 20, akachapisha riwaya mbili, mwaka 1892 na 1898, na hakuna aliyezijali. Akakata tamaa. Mwaka 1899 akaingia katika kampuni ya wakwe zake iliyotengeneza rangi ya kupaka meli isipate kutu wala kushikwa na viumbe vya baharini. Biashara ikakua hadi wakawa na kiwanda London, na yeye akawa anasafiri kuisimamia. Kwa sababu ya safari hizo alihitaji Kiingereza kizuri, akatafuta mwalimu. Mwalimu aliyempata Trieste mwaka 1907 alikuwa kijana wa Kiayalandi aliyeitwa James Joyce, ambaye baadaye dunia ilimjua. Joyce alizisoma riwaya zile zilizosahauliwa, akamwambia mfanyabiashara huyu kwamba yeye ni mwandishi wa kweli.

Riwaya yake ya tatu, La coscienza di Zeno, ilitoka mwaka 1923, miaka 25 baada ya ile ya pili, naye ana umri wa zaidi ya miaka 60. Aligharimia uchapishaji kwa fedha zake. Joyce akaipeleka kwa wahakiki wa Ufaransa, na jina la Svevo likavuka mipaka. Mhusika mkuu wa riwaya hiyo ni nani? Ni mfanyabiashara wa Trieste. Riwaya imejaa mikataba, hasara, na mwenzi wa biashara anayezificha. Hakuna profesa ambaye angeweza kuiandika hivyo. Miaka ile ya biashara, ambayo Svevo huenda aliiona kuwa imepotea, ndiyo iliyomwandalia kitabu. Alifariki mwaka 1928 baada ya ajali ya gari. Aliifurahia sifa yake kwa miaka michache tu, lakini kitabu alikuwa amekiandika.

Kwa hiyo, mpendwa unayesikiliza na hadithi iko moyoni, haya ndiyo maoni yangu, nayatoa kwa nia njema.

Kwanza, andika sasa, duka likiwa wazi. Tenga saa yako kama unavyotenga siku ya kufuata mzigo, na watu wa nyumbani wajue kwamba saa hiyo si ya kuzungumza habari za biashara. Ukurasa mmoja kwa siku ni mswada mzima kwa mwaka. Usipoweza kuandika ukurasa mmoja ukiwa na biashara, kuacha biashara hakutakuandikia.

Pili, ukimaliza mswada, usimpe rafiki atakayekusifu. Mpe mwalimu wa Kiswahili, mpe msomaji mkali, mpe mtu asiyekudai wala usiyemdai. Peleka kwenye mashindano. Tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake walianza kutunzwa mwaka 2023. Tuna ile tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo fedha zake nyingi, kama jina linavyoonyesha, zilitoka kwa wauza mabati. Ndiyo, biashara ya mapaa imewalipa waandishi wa riwaya za Kiswahili. Hukumu ya majaji wasiokujua ina thamani kuliko sifa za ukoo mzima.

Tatu, kabla hujaaga, lipa madeni. Mali kauli yote irudi kwa wenyewe. Uwe na akiba ya kuwatunza wanaokutegemea kwa muda mliokubaliana. Na neno "mliokubaliana" nalitilia mkazo. Kaa na mwenzi wako, mweleze kinachokusumbua, msikilize hofu yake bila kukasirika. Mpange mwisho wa jaribio na mtakachofanya likishindikana. Watoto wakubwa nao waambiwe. Ndoto iliyofichwa nyumbani hugeuka ugomvi.

Nne, yakishatimia hayo, na ukaona kweli riwaya unayoiandika haitoshi tena kwenye saa ya usiku, basi nenda. Nenda mzimamzima, wala usirudi nyuma kila mwezi kuangalia mwenzako aliyebaki sokoni amenunua gari gani. Wazee waliotuonya tusiache mbachao walimwonya mtu anayekimbilia kitu kisicho chake. Hadithi uliyoiandika kwa miaka, ikasomwa, ikapimwa, ni yako.

Na ninyi mnaoishi na mtu wa namna hii, mama, baba, mke, mume, nawaomba jambo moja. Msimcheke. Mtu mzima anayekaa usiku na daftari baada ya kutwa nzima ya kazi hajapotea. Muulizeni hadithi imefika wapi.

Nasi wasomaji, lililo letu ni jepesi kuliko yote: tununue vitabu. Tukinunua nakala halali badala ya kurudufu, mtu mmoja zaidi ataweza kuishi kwa kalamu yake. Hatuwezi kulalamika kwamba riwaya za Kiswahili ni chache huku tukiwaacha waandishi wake wafe njaa.

Msikilizaji mpendwa, biashara si adui wa sanaa, na kuondoka si kipimo cha kipaji. Kipimo ni kurasa. Basi leo, ukishafunga duka na kupiga hesabu zako, chukua daftari jingine, andika sura ya kwanza. Ukifikisha sura tatu, mtafute mtu mmoja mkweli azisome. Uamuzi wa kuacha au kubaki utaufanya baadaye, ukiwa na kitu mkononi cha kuamulia.